Hizo mechi usiziite za vibonde, mwanangu

Mwanangu mpendwa, habari za Dodoma. Huku Kigoma sote wazima, baba yako mguu umepungua maumivu na mdogo wako kaanza mitihani. Nakuandikia kwa ajili ya yale uliyosema kwenye simu, eti raundi ya kwanza ya kufuzu Kombe la Dunia ni kupoteza muda tu, vibonde wanachezeshwa na vibonde afu wakubwa wanakuja kuwamaliza, bando likakata hata sijakujibu. Mi maneno hayo yaliniuma, acha nikwambie ninavyoona.

Chukua ile ya Septemba 2019. CAF, shirikisho la soka Afrika, walichukua timu 28 za chini kwenye viwango, kuanzia ya 27 mpaka ya 54 Afrika, wakazipanga mbili mbili, nyumbani na ugenini, ukivuka unaenda kukutana na wale 26 wa juu kwenye makundi kumi ya timu nne nne, usipovuka ndo basi, Kombe la Dunia la 2022 limeshaisha kwako zaidi ya miaka mitatu kabla halijachezwa. Na kwenye hao 28 Taifa Stars tulikuwemo mwanangu. Hao unaowaita vibonde ni sisi.

Tukapangwa na Burundi. We ulikuwa bado mdogo sijui kama unakumbuka mji ulivyokuwa, maana hapa kwetu nani hana ndugu ng'ambo ile, shangazi yako yuko Rumonge, nusu ya mtaa wana mjomba au mkwe Bujumbura. Timu zote mbili zilikuwa zimetoka Misri kwenye AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, miezi miwili tu nyuma, sisi tumefungwa mechi zote tatu na wao wamefungwa zote tatu bila kupata hata goli moja, na ilikuwa AFCON yao ya kwanza kabisa. Afu kocha wetu wakati huo alikuwa Etienne Ndayiragije, Mrundi mwenyewe, aliyefundisha klabu za Mbao na KMC huku kwetu. Fikiria huyo mtu amekaa kwenye benchi kuitoa nchi yake.

Bujumbura ikawa 1-1, wao walitangulia kupitia Amissi zikiwa zimebaki dakika chache, Msuva akarudisha hapo hapo. Marudiano Uwanja wa Taifa Samatta akafunga mapema, Fiston wa Burundi akasawazisha kabla ya mapumziko, na kuanzia hapo hakuna goli tena, kipindi cha pili chote, nyongeza yote, watu kwenye kibanda umiza pale sokoni wamesimama hakuna anayeongea. Yakaja matuta. Golini yuko Juma Kaseja, ambaye wengi walishamhesabu mtu wa zamani, na Burundi hawakupata penalti hata moja, tukashinda 3-0. Mi nilishangilia mpaka sauti ikakauka, na usiku ule ule nikampigia shangazi yako, alikuwa analia kweli kweli. Hakuna mtu anayelilia mechi isiyo na maana.

Tukaingia kundi moja na DR Congo, Benin na Madagascar. Hatukufuzu, sawa, lakini tulienda Lubumbashi tukatoka 1-1, tukaenda Cotonou tukashinda 1-0, yote hayo yalipitia kwenye zile penalti.

Sasa nikupeleke kwa Somalia, maana hao ndo hasa walionifanya niipende hii raundi. Kwao Mogadishu hawakuweza kucheza kwa sababu ya usalama, mechi yao ya nyumbani wakaichezea Djibouti, na wakaifunga Zimbabwe 1-0. Ulikuwa ushindi wao wa kwanza kabisa kwenye mechi za kufuzu Kombe la Dunia, tangu waanze. Wakaenda Harare, mpaka dakika za mwisho kabisa Zimbabwe wanaongoza 2-1, jumla ni 2-2, na kwa kuwa mkilingana goli la ugenini ndo lilikuwa linaamua, Somalia ndo wanavuka, afu kwenye muda wa majeruhi Khama Billiat akapiga la tatu. Wakatolewa hivyo, kwa sekunde. Ethiopia wao goli hilo hilo la ugenini liliwaokoa mbele ya Lesotho. Sasa niambie ni mechi gani ya makundi ya wakubwa ina joto kama hilo?

Kama kuna kosa kwenye ile raundi mi naliona kwingine. Kosa ni mechi mbili tu. Burundi baada ya matuta yale walikaa mpaka Novemba 2023 ndo wakacheza tena mechi ya kufuzu Kombe la Dunia, mchezaji aliyekuwa na miaka 29 siku ile karudi na 33 kama mguu bado unamtii. Kwa Kombe la 2026 CAF wakaliondoa hilo, timu zote 54 zikaingia moja kwa moja kwenye makundi tisa ya sita sita, kwa hiyo hata wa mwisho kabisa ana uhakika wa mechi kibao. Burundi wakaanza kwa kuifunga Gambia 3-2, na mechi hiyo ya nyumbani wakaichezea Dar, uwanja ule ule waliotolewa.

Najua utanijibu Seychelles. Ndiyo, kwenye makundi hayo ya 2026 Ivory Coast waliwapiga 9-0 na inauma kuangalia. Ila kipa wao kacheza na watu ambao asingekutana nao popote, na wiki ijayo kuna mechi nyingine ya kurekebisha. Kwa 2022 walipigwa na Rwanda 10-0 kwa jumla na hapo hapo mlango ukafungwa, hakuna pa kurekebishia. Kati ya hayo mawili mi nachagua la kwanza bila kufikiria mara mbili.

Na we unayecheza namba sita chuoni unisikilize, mechi ya mchujo mkipangwa na chuo kidogo usiende na dharau. Hao wamefanya mazoezi wakijua hawana nyingine.

Shangazi anakusalimu, mpigie. Na droo ya mchujo unaofuata ikitoka nitumie picha ya makundi yote, usinikatie ya Stars peke yake, nataka kuona Somalia wamepangwa na nani.

Mama yako