Wenye Henry J ya zamani, tupigieni picha za ndani na za chini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini kwako. Juzi ukurasa wenu wa magari ulitoa picha za modeli za plastiki za magari ya zamani, nikafurahi kweli, ila nilipoangalia vizuri nikaona karibu zote ni za mashindano, injini imetokeza juu ya boneti na matairi ya nyuma mapana kama ngoma, na mojawapo ilikuwa Henry J, gari dogo la Kimarekani la miaka ya 1950. Maelezo ya chini yakasema tu ni gari la mashindano la miaka ya 1960. Hapo ndo nikaona niandike, maana Henry J haikuzaliwa hivyo na asiyejua ataamini ilitoka kiwandani imekaa vile.

Henry J ilikuwa gari la Mmarekani asiye na hela nyingi. Kampuni ya Kaiser-Frazer ilikopa serikalini mwaka 1949 na mkopo ukaja na masharti yake, bei isizidi dola 1,300, libebe watu wazima 5, na liweze kwenda maili 50 kwa saa, yaani kama kilomita 80, mwendo mrefu bila shida. Sasa ukibanwa bei namna hiyo unapunguza wapi? Walipunguza kila mahali. Milango 2 basi. Zile za mwanzo hazikuwa hata na mfuniko wa buti, ukiwa na mzigo unaingia ndani, unalaza siti ya nyuma, unausukumia huko. Injini ndogo ilikuwa ya Willys, silinda 4, lita 2.2, ukoo mmoja na ile ya Jeep ya vita, nyingine ni ya silinda 6. Uzalishaji ukaisha 1954. Halafu kwa kuwa bodi ilikuwa fupi na nyepesi, vijana wa mbio za robo maili wakaipenda, wakang'oa injini wakachomeka V8, yaani injini kubwa ya silinda 8, wakakata madigadi ya nyuma matairi mapana yaingie, na hivyo ndivyo nyingi zilivyopotelea. Siwalaumu, gari lilishakuwa la bei ya kutupa.

Mi nimemaliza kujenga modeli moja ya orijino kipimo cha 1:25, yaani inchi 1 ya modeli ni inchi 25 za gari halisi, miezi 7, na nawaambia hiyo ndo kazi ngumu kuliko ya mashindano. Seti za Henry J ninazozijua, yaani maboksi ya vipande vya plastiki vya kuunganisha, ni za mashindano, kwahiyo nusu ya vipande unaviweka pembeni unaanza kutafuta. Ekseli ya mbele ya seti ni bomba moja limenyanyua pua ya gari juu, nikaitoa, nikasokota waya mwembamba kupata koili springi, nikaishusha taratibu mpaka gari likakaa chini kama la kwenda sokoni. Gari halisi kutoka ekseli hadi ekseli ni inchi 100, kwenye 1:25 inakuja inchi 4 kamili, na nilikuwa napima kila nikibandika kitu maana gundi ikivuta kidogo tu jicho linaona. Injini niliitoa kwenye seti ya Jeep ya kipimo cha 1:24, ni kubwa kwa asilimia 4 hivi, boneti ikifungwa haionekani na hata ikiwa wazi inapita. Rimu za inchi 15 na matairi membamba nilikopa kwenye gari lingine.

Mstari wa buti niliuziba kwa pati, ile dawa ya kuzibia nyufa, msasa, praima, pati tena, mara 4 nzima, kwa sababu kila nikipuliza rangi ule mstari unarudi kama kovu. Nilitaka iwe ile ya mwanzo kabisa isiyo na mfuniko. Hiyo sehemu nyuma ambayo haina chochote ndo ninayoipenda kuliko zote, ile bei ya dola 1,300 iko pale mbele ya macho.

Nilipoiweka kwenye maonyesho bwana mmoja akaniuliza kwa nini nimeileta kabla haijaisha. Nikamwambia imeisha, iko hivyo ilivyotoka kiwandani, akaizunguka tena akaniuliza buti linafungukia wapi, tukaongea nusu saa.

Sasa ombi langu. Kilichonitesa zaidi ni picha. Kila mwenye Henry J anaipiga kwa mbele, taa na shoo zinang'aa, lakini mgongo wa siti ya nyuma ukiwa umelazwa unaonekanaje? Sakafu ya huko nyuma ilifunikwa na nini, bomba la moshi limepita upande gani wa chesisi, nyaya za kwenye injini zimeshikwa wapi? Vitu hivyo ndo vilitupwa vya kwanza wakati magari yanageuzwa ya mashindano. Kwahiyo msomaji yeyote ambaye yeye, au babu au mjomba, ana moja imelala gereji haijaguswa, naomba kabla hujaiuza au kuipaka rangi mpya ulale chini na simu upige, ufungue milango upige, ukunje siti upige, uweke na rula pembeni. Vumbi acha lilivyo. Na Mhariri, zikikufikia zitoeni kwenye ukurasa ule ule, hata kama hazivutii macho kama za V8.

Mjenzi wa modeli