Rafiki yangu ameokoka, ila aliyemwambia si mimi

Shikamoo Anti,

Ni saa tisa usiku, usingizi umenikataa. Mwenzangu amelala kitanda cha pili, naisikia pumzi yake. Mambo ya ushirika wa wanafunzi unayajua, sitaeleza sana. Mimi ndiye ninayefundisha darasa la kushuhudia. Kila wanapoingia wapya ninawahimiza wasione haya, wawaambie wenzao habari za Yesu. Somo langu ni lile la Andrea, Yohana sura ya 1, kwamba alipomjua Masihi alimwendea kwanza Simoni, ndugu yake. KWANZA. Neno hilo huwa naliandika ubaoni na kulipigia mstari.

Alhamisi mwenzangu alirudi na Biblia mpya, kurasa bado zimeshikana. Akaniambia ameokoka, kuna msichana wa darasa lao alibaki naye baada ya kipindi akamweleza. Nikamkumbatia, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Akaketi, akawa anazitenganisha zile kurasa kwa ukucha, moja moja. Kisha akaniuliza, "Kwani wewe haya yote ulikuwa unayajua?" Nikasema ndiyo. "Mbona hukuniambia?"

Anti, hakuuliza kwa hasira. Angekasirika ningejitetea.

Tumelala chumba kimoja miaka 2. Usinione mzembe, nimemwombea kwa jina, nimefunga kwa ajili yake. Alikuwa ananiona nikipiga magoti kila asubuhi. Nilijua maisha yangu yatamhubiria, na sipendi watu wanaovamia wenzao kwa Injili kama wanadai deni. Hata 1 Petro 3:15 inasema tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye, tena kwa upole. Yeye hakuwahi kuniuliza.

Isipokuwa mara moja. Alipofiwa na baba yake, nililala naye kitanda kimoja nikimshika mkono. Katikati ya usiku akauliza, "Unadhani baba yuko wapi sasa hivi?" Nikamwambia, "Pole, jaribu kulala." Niliona nikianza kumhubiria wakati ule atafikiri namvizia kwenye msiba wake. Ndivyo nilivyojiambia. Kweli ni kwamba niliogopa atanitoka. Sijui kama anaukumbuka usiku ule, na sijui nimwombe msamaha au nitakuwa namtonesha kidonda ili mimi nipate nafuu.

Mlezi wetu ananituliza kwa maneno ya Paulo kwa Wakorintho, kwamba yeye alipanda, Apolo akatia maji, lakini akuzaye ni Mungu. Sasa mimi nilipanda nini? Na huyo msichana hajaingia darasani kwangu hata siku moja! Yeye mwenyewe ameokoka juzi tu, mistari hata hajaishika. Simwonei wivu. Ila jana niliwakuta wamesimama mlangoni wanaongea nikapita bila kuwasalimia, na Biblia yangu nikaigeuza jalada ndani, sijui kwa nini.

Jumamosi natakiwa kusimama mbele ya wanafunzi wapya na somo lilelile. Nimeandika barua ya kujiuzulu, nikaichana. Sitaki tena kuhimiza mtu kitu nilichoshindwa mita mbili kutoka kitandani kwangu. Lakini mlezi alipotaja kwamba yule msichana anaweza kushika nafasi yangu, moyo uliniuma hadi nikasema hapana, nipo. Na mwenzangu ameshaniambia atakuja, atakaa mbele kabisa, anataka kujua namna ya kuwaambia wadogo zake. Nitaliandikaje neno lile ubaoni huku ananiangalia? Niwasimulie ukweli wote, naye akiwa pale? Au nifundishe tu, maana somo lenyewe si la uongo?

Miaka 2, Anti. Mbona hukuniambia. Hilo tu ndilo alilosema, na hajalirudia.

Nijibu kabla ya Jumamosi, tafadhali.

Jina kapuni