Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mwaka 2024: Tulivyovimaliza na Vilivyotushinda

Ndugu wanachama,

Katiba ya chama chetu cha wasomaji inanitaka nisome taarifa hii kila Januari, na inataja mambo matatu: wanachama, fedha na shughuli. Mawili ya mwanzo nayapitia mbiombio, maana mhazini ameshagawa karatasi yake na najua mmeisoma hiyo kabla ya yangu. Tulianza mwaka tukiwa 19, tumeumaliza tukiwa 22. Wapo pia waliokuja mkutano mmoja, wakanywa kahawa, wakala na visheti, hawakuonekana tena. Waja leo waondoka leo. Kwa Tanga hii hatuna wa kumlaumu. Ada imelipwa isipokuwa na watu wanne, na wote wanne leo wamekaa safu ya nyuma.

Sasa shughuli, na nianze na faini.

Mtakumbuka kwamba hadi Machi, asiyemaliza kitabu cha mwezi alikuwa akilipa shilingi 1,000. Kanuni ile niliileta mimi. Nimefundisha shule ya msingi miaka 31, na ualimu haumtoki mtu siku anapopokea kiinua mgongo. Kumbe faini haikumfanya mtu asome, ilimfundisha uongo. Watu walikuja wamesoma sura ya kwanza, sura ya mwisho na maneno ya jalada la nyuma, wakakaa wanatikisa kichwa kila mwenzao anapozungumza. Nilikuwa nawaona. Wanafunzi wangu wa darasa la sita walitikisa vizuri zaidi.

Aprili tukaifuta. Katibu akanunua kaunta buku, tukakubaliana kwamba anayeacha kitabu aandike ukurasa alioishia na sababu, basi, haulizwi zaidi. Mmoja wenu akalibatiza Daftari la Watoro, na jina likaganda.

Nimelisoma lote kabla ya kuandika taarifa hii, na sijasoma kitu kitamu hivyo mwaka mzima. "Uk. 14, miwani iko kwa fundi." "Uk. 52, huyu mhusika ni shemeji yangu mtupu, nimemkimbia nyumbani sitamfuata kitabuni." "Uk. 3, nimechoka." Yapo pia maneno ya maana, ambayo katika siku za faini tusingeyapata kwa mtu yeyote.

Daftari linasema kitabu kilichotushinda kuliko vyote ndicho kilichokuwa chembamba kuliko vyote. Ni *Nagona* ya Kezilahabi, ya mwaka 1990, tuliyoisoma Mei. Niliichagua kwa kiburi: nikasema kurasa chache, watamaliza kwa siku mbili. Tuliofika mwisho ni wanne. Walioachia njiani wameandika karibu neno lilelile, kwamba hawajui nani anaongea na yuko wapi. Mimi nilimaliza, na sikujua kuwazidi. Fundi cherehani wetu alisema ni kama ngoma ya kijiji cha watu: "Naona wanacheza, naona wanafurahi, mguu wangu hauinuki."

Na mwandishi ni yuleyule aliyetupa *Rosa Mistika* mwaka 1971, kitabu ambacho kila kitu chake unakiona kwa macho: Zakaria anamchapa bintiye kwa barua ya mvulana, na wewe msomaji unataka kuingia katikati uushike mkono wake. Kile kilipigwa marufuku shuleni, na wanachama wetu wawili wenye mvi wanakumbuka kukisoma chini ya dawati. *Nagona* hakuna aliyehitaji kuificha. Wapo wataalamu wanaoiona ndiyo kazi yake kubwa zaidi, na siwapingi, kwani najua alituacha nyuma kwa makusudi si kwa bahati mbaya. Ila kuachwa ni kuachwa. Sitairudia.

Juni na Julai tulikuwa na *Peponi*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na ambayo Ida Hadjivayanis aliileta kwa Kiswahili mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupewa Nobeli. Hiki ndicho kitabu cha mwaka, na sidhani kama kuna atakayenyoosha mkono kupinga. Yusuf ana miaka kumi na miwili. Kila Aziz, mfanyabiashara anayemdhania ndugu, anapokuja kwao anamwachia sarafu ya anna kumi, na mtoto anampenda kwa sarafu ile na kwa harufu ya manukato yake. Halafu siku moja anapandishwa treni kuondoka naye, na ni kule dukani kwa Aziz ndiko anakoambiwa na Khalil, kijana anayeuza hapo, kwamba yule si mjomba wala ami, yeye Yusuf ni rehani ya deni la baba yake. Wengi wetu hapa ni watu wa pwani. Misafara ile inayokwenda bara na kurudi, wazee wetu wameisimulia. Nilipokuwa nasoma nilisahau kabisa kwamba maneno yalikuwa yamekwenda Uingereza kwanza.

Hapa pana jambo moja la daftarini ambalo nimeruhusiwa na mwenyewe kulisema bila kumtaja. Mwenzetu mmoja, ambaye utotoni alipelekwa kulelewa na jamaa Korogwe, aliandika Juni: "Uk. 20. Namjua huyu mtoto." Hakuongeza kitu, na hakuja mkutano ule. Wiki tatu baadaye alikuja nyumbani kwangu kuazima nakala upya, akakimaliza, na Julai ndiye aliyetueleza kwa nini Yusuf, pale mwisho, anakimbilia safu ya askari wa Wajerumani. Sisi wengine tulikuwa tumekasirika. Mzee wa Barabara ya Nane aliita mwisho ule usaliti, kwamba kijana anatoka mkono mmoja anajitia mkono mwingine. Mwenzetu yule wa Korogwe alisema tu: "Mara ya kwanza alipelekwa. Safari hii ameamua kwa miguu yake." Kahawa ilipoa. Chini ya kanuni yangu ya zamani, mwanachama huyu angelipa shilingi 1,000 mwezi Juni, na pengine tusingemwona Julai.

Agosti ilikuwa zamu ya *Vuta n'kuvute*, kitabu cha Adam Shafi cha mwaka 1999 na filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021. Filamu hiyo ilionyeshwa kwanza Toronto, na baadaye Tanzania iliipeleka kuwania Oscar. Sisi tuliiona uani kwa mhazini, kwenye shuka jeupe lililofungwa kwenye kamba ya kuanikia, na kuku wawili walikatiza mbele ya projekta mpaka tukawazoea kama waigizaji. Ugomvi ulikuwa mkubwa. Waliokuwa wamekisoma kitabu walilalamika mwanzo hadi mwisho: mbona hiki hakimo, mbona yule kapunguzwa. Waliokiacha njiani waliipenda, wakanyamaza, wakatazama. Mimi niko katikati. Vivuli vya vichochoro vya Unguja usiku, na mwanga unavyomwangukia Yasmin, msichana wa kisa chenyewe, vile ni vitu ambavyo karatasi haiwezi. Lakini filamu ina haya ya kucheka. Kitabu kina utani, kina umbea, kina Mwajuma, rafiki yake Yasmin, anayejaza chumba kabla hajafungua mdomo. Kwenye shuka la mhazini nilitaka akae zaidi na hakukaa. Watu watatu walisinzia. Majina ninayo.

*Supa Modo* ya Likarion Wainaina, kutoka Kenya, haikumsinzisha mtu. Jo ni mtoto mgonjwa ambaye hatapona, anaota kuwa shujaa wa sinema, na kijiji kizima kinajipanga kumtengenezea filamu yake. Umeme ulikatika zikiwa zimebaki dakika kumi hivi. Hakuna aliyeondoka. Tulikaa gizani, watu wanapenga kamasi na kusingizia vumbi, mpaka uliporudi. Baadaye mazungumzo yalihamia kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video mitaani, na kanda za Lufufu, aliyekuwa akitusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili na kutia maneno ambayo Mchina hakuyasema kamwe. Vijana wameomba tuandae usiku mmoja wa filamu za kusimuliwa. Kamati imekubali. Mimi nilipiga kura ya hapana, nikashindwa, na nitakuja na mkeka wangu.

Oktoba lazima niisemee. Tulinunua kwa bei rahisi nakala saba za riwaya moja ya upelelezi, kwenye duka ambalo sitalitaja. Tatu kati yake zilitoka ukurasa wa 96 zikarukia wa 113: kurasa 16 nzima hazikufungwa. Mwenzetu mmoja aliyepata nakala hiyo alikisifu kitabu kwa "mbinu ya kuruka wakati", na alitueleza kwa dakika nzima jinsi mwandishi alivyomwachia msomaji ajijazie mwenyewe namna maiti ilivyofika kwenye boti. Namna hiyo imeelezwa vizuri kabisa ukurasa wa 104. Duka limekataa kurudisha fedha.

Novemba tulisoma *Kusadikika* kwa sauti, kwa zamu, maana huwezi kuwa chama cha wasomaji Tanga ukampita Shaaban Robert, mtoto wa Machui, bila kumsalimu. Waliolazimishwa kitabu hiki kwa ajili ya mtihani walikuja na nyuso za mtihani. Karama alipoanza kujitetea na kuwataja wale wajumbe sita waliotumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, kila mmoja akarudi na habari njema akatiwa gerezani, nyuso zikalegea. Desemba hatukusoma kitu. Kila mtu alikuwa na wageni.

Mwisho nami nitoe langu kabla hamjaligundua. Jina langu limo kwenye daftari, mwezi Septemba, ukurasa wa 61, kitabu kinene ambacho mwanangu alinitumia kutoka Muscat kwa gharama yake. Sehemu ya sababu nimeiacha wazi, kwa kuwa katibu husoma kila kinachoandikwa na mwanangu ni rafiki yake.

Ajenda namba 5 ni pendekezo kwamba Machi tusome *Mzingile*, pacha wa *Nagona*. Limeletwa na wale wengine watatu waliomaliza Mei. Nakala namba 4 ya *Peponi* bado haijarudi sandukuni. Daftari liko mezani karibu na birika, kalamu imefungwa kwa uzi. Tafadhali msiukate tena.

Mwenyekiti
Tanga, Januari 2025