Tazama maji kabla ya kukata tiketi ya Unguja

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tuseme jambo ambalo matangazo ya likizo hayalisemi. Ile picha ya hoteli ya pwani ya mashariki ya Unguja, anayoitazama mtu aliyekaa Hamburg mwezi wa Januari huku nje kunanyesha mvua ya barafu, ilipigwa maji yamejaa. Hakuna hoteli inayojitangaza kwa picha ya maji yaliyopwa.

Atakayetoka chumbani Paje, Jambiani, Bwejuu, Kiwengwa au Matemwe saa nne asubuhi siku ya bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, atakuta bahari imekwenda zake. Mbele yake kuna uwanda wa mchanga, majani na mawe, pengine kilomita nzima au zaidi, kina mama wameinama kwenye kamba zao za mwani, na mbali kabisa ule mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjika kwenye mwamba. Aliyelipia kuogelea hukasirika, huandika kwenye intaneti kwamba hoteli haina bahari, na meneja huomba radhi kwa kosa la mwezi wa angani.

Sababu yake si ngumu. Upande huo mwamba umekwenda sambamba na ufuko, na kati ya mwamba na ufuko kina ni kidogo na chini ni tambarare. Siku za bamvua kubwa tofauti ya maji kujaa na kupwa Unguja inakaribia mita 4, kwa hiyo bonde lote hilo hukauka. Kaskazini mwa kisiwa, yaani Kendwa, na Nungwi upande wa magharibi, hakuna uwanda wa namna hiyo. Chini kunateremka haraka, maji yakipwa hurudi hatua chache tu, na mtu anaogelea saa yoyote. Lakini Nungwi nako kuna lake: maji yakijaa sana, sehemu nyingine ufuko wote humezwa na mawimbi yakapiga kuta za hoteli. Wenye watoto wadogo waliozoea kujenga nyumba za mchanga waulize hilo mapema.

Sasa lile ambalo mvuvi wa Jambiani analijua bila jedwali na mpangaji wa safari wa Ulaya halijui akiwa na kompyuta mbili. Saa za maji hufuata mwezi, na hapo Unguja zinafuata kwa mpangilio ule ule mwaka hata mwaka. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na siku mbili tatu baada yake, ni bamvua: maji hujaa kiasi cha saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kabisa kiasi cha saa nne asubuhi, yaani wakati ule ule ambao mgeni amemaliza kifungua kinywa na kuchukua taulo. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Baada ya wiki moja, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, na mambo yamegeuka. Maji hujaa saa nne au saa tano asubuhi, na hata yakipwa jioni hayaendi mbali.

Chukua Agosti 2026. Mwezi unaandama tarehe 12, nusu ni tarehe 20, mpevu ni tarehe 28. Atakayefika Paje tarehe 12 na kuondoka 17 atakuwa na asubuhi kavu tupu. Ataogelea kuanzia saa nane au tisa mchana, bahari inaporudi, hadi jua kuzama kiasi cha saa kumi na mbili na nusu. Atakayefika tarehe 18 na kukaa wiki moja ataogelea asubuhi hadi mchana karibu siku zote. Hoteli ni ile ile, bei ni ile ile, mwezi ni ule ule wa Agosti, ila likizo ni mbili tofauti. Anayetaka kinyume chake, yaani kutembea kwa miguu hadi karibu na mwamba akatazame samaki wa rangi kwenye vidimbwi, achague bamvua kwa makusudi. Avae viatu vya mpira vyenye soli ngumu, maana wale wadudu wa baharini wenye miiba mirefu myeusi hawaonei huruma unyayo wa mtu, aanze kurudi mara tu maji yanapogeuka, na asikanyage kamba za mwani. Zile ni shamba la mtu, hata kama hazina ua.

Baada ya mwezi, upepo. Kusi huvuma kiasi cha Mei hadi Septemba. Hewa ni kavu na ya ubaridi kidogo, lakini upepo unapiga moja kwa moja pwani ya mashariki. Wanaoteleza juu ya maji kwa tiara kubwa huishangilia Paje wakati huo, na aliyekuja kulala na kitabu atakula mchanga. Kaskazi huvuma Desemba hadi mwanzo wa Machi, joto ni kali, na Februari usiku bila feni au kiyoyozi ni adhabu. Kati ya pepo hizo mbili ni maleleji, bahari imetulia, na mzamiaji huona mbali chini ya maji.

Familia ya Hamburg haiendi inapotaka, huenda shule zinapofungwa. Shule za huko zina mapumziko ya Machi, ya Mei, ya kiangazi cha kwao (Julai na Agosti) na ya Oktoba. Machi yaangalie vizuri: mwanzoni ni mwisho wa kaskazi, mwishoni masika yanaweza kuwa yameshaingia. Mei usiichukue kwa sababu tu bei imeshuka. Imeshuka kwa sababu ya masika, na hoteli nyingi za pwani hufunga Aprili na Mei ili zitengeneze paa za makuti. Kiangazi hicho cha kwao huku ni kusi, kwa hiyo anayetaka maji matulivu aende Kendwa na siyo Bwejuu. Oktoba, kwa maoni yetu, ndiyo bora kuliko zote, ingawa kuelekea Novemba vuli huanza kunyemelea kwa mvua fupi za vipindi. Tena itazamwe Ramadhani, ambayo kila mwaka hurudi nyuma siku 10 au 11, na mwaka 2027 itaanza kiasi cha tarehe 8 Februari. Ndani ya hoteli za ufukoni mgeni atakula mchana kama kawaida. Mji Mkongwe na vijijini migahawa mingi imefungwa, na kutafuna barabarani ni utovu wa adabu ambao hauhitaji kufafanuliwa kwa wasomaji wa gazeti hili, ila ufafanuliwe kwa mgeni kabla hajapanda ndege.

Tiketi. Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar, alipoondoka Unguja mwaka 1866, na baadaye akahamia Hamburg akiwa Bibi Ruete, alisafiri kwa meli. Leo ni ndege, ila bado hakuna ya moja kwa moja kati ya miji hiyo miwili. Njia za kawaida ni kubadilisha Istanbul au Doha, au kwenda kwanza Frankfurt. Kosa linalogharimu watu wengi ni kununua tiketi mbili zisizojuana, moja ya kufika Frankfurt na nyingine ya kufika Unguja. Ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina deni kwako wala halikujui, na tiketi yako imekufa. Nunua safari nzima kwa namba moja ya tiketi. Wanaokwenda Frankfurt kwa treni wasipange kufika saa mbili kabla ya ndege, waache saa nne au tano, kwa maana treni za Ujerumani za siku hizi si zile za hadithi za babu.

Haki ya fidia nayo ina upande mmoja. Kwa sheria ya Ulaya, ndege inayotoka Hamburg au Frankfurt ikifika Unguja imechelewa saa 4 au zaidi kwa kosa la shirika, abiria hudai yuro 600, liwe shirika la nchi yoyote. Wakati wa kurudi, sheria hiyo humlinda tu aliyepanda shirika la Ulaya. Aliyepitia Istanbul au Doha na mashirika ya huko hana dai hilo akitokea Unguja.

Kubwa zaidi ni namna ya kununua. Ukinunua ndege na hoteli pamoja kwa muuzaji mmoja kama safari ya kifurushi, sheria inamlazimisha akupe cheti cha dhamana, Wajerumani hukiita Sicherungsschein, kabla hujalipa hata senti ya malipo ya awali. Kampuni ya utalii ya FTI ya Munich ilipofilisika Juni 2024, wenye vifurushi walirudishiwa fedha na mfuko wa dhamana. Waliokuwa wamenunua chumba peke yake walipanga foleni pamoja na wadai wengine. Kwa hiyo tofauti ya, tuseme, yuro 80 kati ya kifurushi na kujipangia mwenyewe siyo hasara, hiyo ndiyo bei ya dhamana.

Makaratasi tuyapitie haraka. Pasi iwe na miezi 6 mbele. Viza ya kawaida ni dola 50, Wamarekani dola 100, na maombi hufanywa kwenye tovuti ya Uhamiaji ambayo anwani yake inaishia na go.tz. Tovuti nyingine zenye nembo za kupendeza na bei ya dola 120 ni za madalali. Omba wiki tatu kabla. Maombi mengi hukwama kwa jambo dogo mno: jina lenye ü au ö liandikwe kama lilivyo kwenye mistari miwili ya chini ya ukurasa wa picha, yaani Müller awe MUELLER, la sivyo viza na pasi hazitalingana. Ndugu zetu waliochukua uraia wa Ujerumani wasijidanganye. Ujerumani inaruhusu uraia zaidi ya mmoja tangu Juni 2024, Tanzania haijaruhusu, na wao wataingia kwa pasi ya kigeni.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kila mgeni anayeingia Zanzibar hulipia bima ya lazima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, nayo hudumu siku 92. Bima uliyonayo ya Ujerumani haikuondolei wajibu huo. Wala hiyo ya Zanzibar haikurudishii fedha mtoto akiugua siku mbili kabla ya safari, kwa hiyo bima ya kughairi safari bado nunua. Anayepitia Addis Ababa au Nairobi na kukaa huko saa 12 au zaidi atadaiwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na chanjo hiyo huhesabiwa kuanzia siku ya 10 baada ya kuchomwa. Malaria Unguja imepungua sana, haijaisha. Daktari aulizwe wiki nne kabla, na chandarua kishushwe hata kama chumba kina kiyoyozi. Mifuko ya plastiki ya dukani iachwe nyumbani.

Kuhusu fedha, tangu tarehe 28 Machi 2025 kanuni zinakataza kupanga bei na kulipia huduma za ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo shilingi zinahitajika. Anayekuja na dola za kubadilisha alete noti mpya ambazo hazijachanika, maana zilizochapwa kabla ya 2006 hukataliwa. Aulize pia kama kodi ya miundombinu ya kila usiku imo ndani ya bei au italipwa mapokezi. Hapo ndipo wageni wengi hununa siku ya kuondoka. Na saa za kuchukuliwa uwanjani ziandikwe kwa Kizungu na kwa Kiswahili. Dereva aliyeambiwa "saa tatu" na mgeni aliyeandika "3" wameshakosana mara nyingi mno, mmoja yuko uwanja wa ndege wa Kisauni saa tatu usiku na mwenzake alitua saa tisa alasiri.

Tulichokuja kuomba ni hiki. Kamisheni ya Utalii Zanzibar iwatake wenye hoteli za ufukoni waweke mambo matatu pale pale penye bei: picha ya ufuko maji yakiwa yamepwa, umbali wa hatua hadi penye kina cha kuogelea wakati huo, na jedwali la maji la wiki ambazo mgeni anazilipia. Majedwali ya bandari ya Zanzibar yapo, kazi ni kuyanakili tu. Wapo wenye hoteli wanaohofia kwamba picha hiyo itawafukuza wageni. Itawafukuza wachache, nao watakwenda Kendwa, ambako ndiko walikotakiwa kwenda. Watakaobaki watakuwa wamekuja wakijua kwamba saa nne asubuhi ni saa ya kutembea juu ya mchanga mtupu, na saa kumi ni ya kuogelea, na hawatakuwa na cha kumlaumu mhudumu aliyewaletea chai.

Hadi hapo litakapofanyika, anayepanga safari aandike barua pepe yenye swali moja kabla ya kulipa: "Wiki nitakayokuwa kwenu, maji yanajaa saa ngapi?" Hoteli itakayojibu kwa saa na dakika, mpe fedha yako. Itakayojibu kwamba bahari yao ni nzuri wakati wote, iulize iko pwani gani.

Wapanga safari wawili,
Hamburg, Ujerumani
(Majina kamili anayo Mhariri)