Benki Kuu (BoT) wafungue dirisha la kununua sarafu za zamani Mwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako. Hapa Mwanza kuna jamaa wanapita mitaani, Kirumba, Igoma, mpaka visiwani huko, wanauliza wazee kama wana rupia za Mjerumani au zile shilingi za mkoloni zenye simba, wakionyeshwa wanatoa buku mbili tatu wanaondoka nazo. Bibi mmoja mtaani kwetu ameuza kopo zima hivyo hivyo, na hakuna aliyempimia.

Watu wajue wanachouza jamani. Rupia moja ya Mjerumani ina gramu 11.66 na karibu gramu 10.7 ni madini ya fedha tupu. Shilingi ya Afrika Mashariki ya 1921 hadi 1946 robo yake ni fedha, za kuanzia 1948 ni shaba na nikeli, kwahiyo cha kwanza angalia mwaka. Hizi za leo hazina kitu, jero (shilingi 500) iliyotoka 2014 ni chuma kilichopakwa nikeli.

Wenzetu serikali ndo inakusanya. Uingereza waliacha kuweka madini ya fedha kwenye sarafu zao 1947 wakazikusanya za zamani wakaziyeyusha, maana walikopa madini ya fedha Marekani wakati wa vita na deni lilitakiwa lilipwe kwa madini yenyewe. Marekani nao wakafuata 1965, benki zao kuu zikaweka mashine za kuchambua na 1967 raia wakakatazwa kuyeyusha, marufuku ikaondolewa 1969. Kanada mpaka sarafu za nikeli wanazichambua zikirudi benki, mtaani wanaachia za chuma, madini wanauza.

Ila kwao mwananchi anarudishiwa thamani iliyoandikwa kwenye sarafu basi, faida yote ya serikali. Kwetu hilo mimi nalikataa kabisa, hizi za mkoloni dukani hazipokelewi tena, sasa ukimpa bibi shilingi kwa shilingi si umemuibia tu kama wale wa mtaani? Alipwe kwa uzito na bei ya madini ya siku hiyo.

Na uwezo upo hapahapa. Tawi la BoT lipo, dhahabu wananunua, kiwanda cha kusafisha madini Mama Samia alikuja kukifungua 2021, na noti za zamani BoT walizibadilisha Januari mpaka Aprili 2025 watu wakaenda. Wafungue dirisha moja tu, mizani iwekwe mteja aione, bei ibandikwe ukutani kila asubuhi na risiti itolewe. Wawe na mtu wa makumbusho pia, maana ikitokea ile rupia 15 ya dhahabu yenye tembo, waliyotengeneza Wajerumani Tabora 1916, hiyo haiyeyushwi, mwenye nayo alipwe vizuri ikae nchini.

Na watangaze redioni kwa Kisukuma na Kikerewe, wazee wenye hizo sarafu hawasomi mitandao.

Msomaji wako,
Nyakato, Mwanza