Altaneta ipangiwe nafasi kabla ya bodi ya gari kufungwa

KWAKO MHARIRI,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nizungumze na vijana wanaojiundia magari katika karakana za Jua Kali hapa Mombasa, pamoja na walimu wanaowafunza. Naistahi sana kazi yao, kwani kuikalisha injini ya gari kuukuu juu ya chesi (fremu ya gari) iliyochomelewa kwa mkono hadi gari likatembea si jambo dogo. Hata hivyo, katika mengi ya magari hayo ninayoletewa kwa kazi ya nyaya, altaneta, yaani jenereta inayozungushwa na injini kwa mkanda ili kuchaji betri, hufungwa mwisho, baada ya radieta, usukani na egzosi (bomba la moshi) kuchukua nafasi zao, ikabanwa popote palipobaki upenyo. Betri ikifa, mwenye gari hununua nyingine, nayo hufa vilevile.

Kosa linalonisikitisha kuliko yote ni kufunga breketi ya altaneta (kishikio chake cha chuma) kwenye chesi. Injini hukalia raba, na kila dereva akanyagapo mafuta huinama kidogo upande mmoja, ilhali chesi imetulia pale pale. Kwa hivyo umbali kati ya puli (gurudumu la mkanda) ya injini na ya altaneta hubadilika kila mara, mkanda hulegea na kukaza kwa zamu, na mwishowe huchomoka au beringi zikaanza kulia. Altaneta sharti ishikwe na injini yenyewe, kwenye matundu ya boliti yaliyoachwa na kiwanda: boliti moja ndefu ipite katika masikio yake (sehemu zilizotokeza zenye matundu), na upande wa pili uwekwe mkono wenye mwanya wa kukazia mkanda. Breketi iwe ya bamba nene lenye tegemeo la pembetatu, maana bamba jembamba lililoachwa likining'inia hupasuka penye weldi kwa sababu ya mtetemo.

Puli zote zinazozungushwa na mkanda mmoja ni lazima zisimame katika mstari mmoja. Rula ndefu ya chuma ikilazwa kwenye nyuso zake huonyesha mara moja iliyojitokeza au iliyorudi nyuma, ingawa puli zikiwa na unene tofauti inafaa kupima kutoka katikati ya mfereji wa kila moja. Tofauti ndogo hurekebishwa kwa washa (vipete bapa vya chuma) penye boliti ndefu. Mkanda ukibonyezwa kwa kidole gumba katikati ya sehemu yake iliyo ndefu zaidi, kwa kawaida huzama milimita 10 hadi 13. Ukikazwa kupita hapo huua beringi, na ukilegea huteleza. Na kwa kuwa katika injini nyingi mkanda huohuo ndio unaozungusha pampu ya maji, injini nayo huchemka.

Kuhusu mahali, hali ya mji wetu inadai uangalifu zaidi. Altaneta hutoa joto lake yenyewe, na ikiwekwa kando ya egzosi katika jua hili la Pwani, umeme wake hupungua na daiodi zake (vipande vinavyougeuza umeme wake uweze kuchaji betri) huungua mapema. Pasipokuwa na nafasi nyingine, bamba la kukinga joto liwekwe kati yake na egzosi, na matundu yake ya hewa yasizibwe. Pia isishushwe chini kabisa ya injini, kwa sababu wakati wa masika barabara zetu nyingi hujaa maji, na maji hayo huingia moja kwa moja ndani yake.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wa bodi hawalioni. Kwa sababu ya chumvi iliyo hewani, breketi hupakwa rangi nzito ili isishike kutu, na hilo ni jema. Lakini katika altaneta nyingi mzunguko wa umeme kati yake na betri hukamilika kupitia breketi hiyohiyo, nayo rangi huuzuia. Pale chuma kinapogusana na chuma rangi ikwanguliwe, boliti zikazwe, kisha pakwe grisi kwa nje. Bora zaidi ni kuongeza waya mnene kutoka kwenye mwili wa altaneta hadi upande hasi wa betri.

Kazi ikikamilika, injini ingurume, taa ziwashwe, na mita ya kupimia volti iwekwe kwenye betri: volti 13.8 hadi 14.4 zinaonyesha kwamba betri inachajiwa vyema. Nawasihi waache ile desturi ya kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inazunguka ili kujua kama altaneta inafanya kazi, kwani volti hupanda ghafla na kuua daiodi.

Ombi langu kwa walimu wa vyuo vya ufundi ni kwamba mwanafunzi asiruhusiwe kuchomelea sehemu ya mbele ya gari kabla injini haijakalishwa mahali pake ikiwa na altaneta, mikanda na egzosi, na kabla hajaonyesha kwamba spana inafikia boliti ya kukazia mkanda bila kung'oa kitu kingine.

Fundi wa umeme wa magari,
Changamwe, Mombasa