Flashi iko kwa mwenzako

Glasgow, Jumapili usiku

Swahiba wangu,

Assalaam alaykum. Mie mzima, alhamdulillah, baridi tu ndiyo inayonitoa roho. Natumai wewe, mama watoto na wanao nyote hamjambo. Mama kaniambia ulimpelekea samaki Ijumaa. Mungu akuzidishie.

Nakuandikia barua nzima badala ya kukurushia sauti kwenye simu kwa sababu jambo lenyewe halitaki haraka. Nimesikia wewe na mwenzako wa kodiani, kile kinanda chake cha kuvuta na kubana, hampigi tena pamoja. Nani kamkosea nani sikuuliza, na sitouliza. Lakini wiki nzima naenda zamu nalo, narudi nalo. Miaka saba nimekaa kati yenu na ngoma yangu ya dumbak, wewe na fidla yako kulia, yeye kushoto. Naona nina haki ya kukwambia neno.

Huku Uskoti kuna wazee wawili, Aly Bain mpiga fidla na Phil Cunningham mpiga kodiani. Wanapiga wawili tu, bila ngoma wala gitaa, tangu miaka ya 1980. Albamu yao ya kwanza ya pamoja ilitoka 1994, na 2012 wakatoa nyengine ya kutimiza miaka 25. Hebu hesabu vikundi vya mtaani kwetu vilivyozaliwa na kufa ndani ya muda huo.

Wala hawakukulia baraza moja. Aly kazaliwa 1946 Lerwick, katika visiwa vya Shetland, kaskazini kabisa ya Uskoti. Visiwa vyenyewe vilikuwa chini ya Norwei mpaka 1469, mfalme alipoviweka rehani kwa ajili ya mahari ya bintiye (wao baba wa binti ndiye aliyetoa), na rehani ile haikukombolewa tena. Ni watu wa bahari kama sisi. Meli za kwenda kuwinda nyangumi Greenland zilikuwa zikipita Lerwick kuchukua mabaharia, na fidla zikipanda nao. Phil ni mtoto wa Edinburgh, wa 1960, kwa hiyo wamepishana karibu miaka 14. Akiwa na miaka 16 aliingia kundi la Silly Wizard, ambamo kaka yake Johnny alikuwa akipiga fidla. Aly naye alikuwa na kundi lake, Boys of the Lough. Kila mmoja alikuja na jina lake na mashabiki wake, na hakuna aliyemhitaji mwenziwe ili ale.

Niliwaona mwaka wangu wa pili huku. Mfanyakazi mwenzangu alikuwa na tiketi ya ziada. Jukwaani palikuwa na viti viwili basi. Phil akaanza kupiga soga, kisa hiki kikizaa kile, ukumbi mzima unajifuta machozi kwa kucheka, na Aly kakaa kimya, fidla kaiweka pajani, anamsikiliza kama vile kisa kile hajapata kukisikia. Nikajiuliza keshakisikia mara ngapi, mara mia? Na bado anacheka pale pa kuchekwa.

Kisha wakapiga mahadhi ya polepole, na hapo ndipo nilipowakumbuka nyinyi. Wajua kodiani ilivyo. Ina pumzi ndefu na kifua kikubwa, ikitaka kuimeza fidla inaimeza mara moja. Phil aliingia kwa vidole viwili vya mkono wa kulia, mkono wa kushoto haukugusa hata kitufe kimoja cha besi. Aly akauvuta upinde mpaka ncha, na pale pale upinde ulipokuwa unageuka, pale ambapo sauti ya fidla hukatika kidogo hata kwa fundi, kodiani ikapanda kiasi cha nywele ikalifunika lile pengo. Upinde ukarudi, kodiani ikashuka. Hawakutazamana. Nilikaa kitako ukingoni mwa kiti changu nikisubiri wakosee, nikijua mie mtu wa dumbak kazi yangu ni kusikia nani kachelewa. Hakuchelewa mtu.

Walipogeuza wakaingia rili, ile ya kuchezewa, ya mwendo wa kasi, fidla na kodiani zikashika mahadhi yale yale kwa pamoja. Watu wa Shetland wana namna yao ya upinde: unapiga waya wa mahadhi huku unaugusa na wa jirani ulio wazi, ukawa unalia chini kwa chini, mtu akifumba macho atadhani fidla ziko mbili. Ongeza kodiani juu yake. Wallahi wawili wale walijaza ukumbi kama kikundi kizima cha kwetu siku ya Idi.

Kodiani yao, kama ya kwetu, sauti zake zimefungwa. Haina robo sauti, zile sauti ndogo za katikati, na haiwezi kuteleza. Fidla inateleza itakapo. Ndiyo maana nakumbuka mlivyokuwa mkipiga bashraf, ule muziki wa kufungulia taarab usio na maneno, yeye anaziruka zile sauti asizonazo na wewe unamjazia, na mtu wa nje hajui kama palikuwa na tundu. Ni miaka mingapi ilikuchukua kuyajua matundu yake yote? Huyo kijana mpya uliyempata, nasikia ana vidole vyepesi kweli. Vidole sivibishi. Lakini matundu yake huyajui, na yeye hayajui yako.

Nikwambie na habari ya mwalimu wa Aly, maana hii wewe utaipenda. Alikuwa akiitwa Tom Anderson, naye ndiye aliyezunguka Shetland kukusanya mahadhi ya wazee yasipotee. Mwishoni mwa Januari 1969, usiku, alikuwa anatoka Eshaness, kijijini kwao, akafika juu ya kilima akageuka kutazama nyuma. Taa zilikuwa chache mno kuliko alizozijua utotoni. Akiwa bado anatazama, zikaanza kuzimwa, moja, halafu nyengine. Mkewe alikuwa amefariki si muda mrefu. Kwa ajili ya usiku ule akatunga mahadhi akayaita “Da Slockit Light”, taa iliyozimika, kwa lugha yao ya kisiwani. Hayana maneno na hayahitaji. Mie huyasikiliza alfajiri nikitoka zamu, kabla sijavua koti, na kila mara naona Malindi kwetu usiku umeme ukikatika, na nyinyi wawili mnaendelea kupiga gizani kwa sababu hakuna aliyekuwa anatazama vidole.

Johnny, kaka yake Phil, alifariki Desemba 2003. Huyo ndiye fidla ya kwanza ambayo Phil aliijua. Sijui kama nayaweza kuyasema haya vizuri, lakini mtu aliyekulia ubavuni mwa fidla moja, ikamtoka duniani, akawa bado ana nyengine ya kukaa nayo jukwaani, yule hatoiacha kwa neno lililosemwa harusini saa nane za usiku. Na kama halikuwa neno, ikawa ni pesa, basi niandikie ni kiasi gani. Nasema kweli, niandikie.

Nimekurekodia saa mbili za wazee hawa kwenye flashi. Shemeji yangu anapanda ndege Alkhamisi, atafika huko Ijumaa. Nakala ni moja tu, na nimemwagiza aipeleke nyumbani kwa mwenzako, si kwako. Mwenzako nimeshampigia simu. Kasema hatoifungua mpaka uje, na mkewe keshaniuliza wewe siku hizi unakunywa kahawa au bado chai ya tangawizi. Nikamwambia tangawizi.

Nisalimie wote. Mpe mama salamu zake, mwambie koti lilifika na linanitosha.

Mie nduguyo,
wa dumbak